Miss Tanzania nimeipitia yote toka 1967: jina kali, ila huduma ya baada ya taji ndo tatizo

Watu wanafanya rivyu za simu, za hoteli, za mabasi ya mikoani, mi leo nafanya ya Miss Tanzania. Msinishangae jamani, ile nayo ni bidhaa kama bidhaa nyingine, ina mwenye leseni, ina wadhamini, ina tiketi za mlangoni na tiketi za viti vya mbele, na ina wateja ambao ni sisi tunaokaa mbele ya tv usiku kucha tukisema huyu kabebwa huyu kaonewa. Swali langu ni moja tu, binti akiingia mle anatoka na nini? Maana tunaambiwa ni taji na gari, mi nasema sivyo, na nikipitia washindi wenyewe mtaelewa naongelea nini.

Tuanze na umri wake, maana wadogo zetu wengi wanadhani mashindano haya yameanzishwa na Lundenga, yule mzee aliyeyaendesha miaka mingi. Hapana. Mrembo wa kwanza ni Theresa Shayo, 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na hapo tu ushajua kwanini haikufika mbali. Nchi inaambiwa jembe, ujamaa na kujitegemea, afu ukumbini mabinti wanapita mbele ya majaji, wapi na wapi. Mwaka uliofuata, 1968, yakapigwa marufuku kwamba yanakwenda kinyume na utamaduni wetu, na kipindi hichohicho vijana wa TANU wakaja na Operesheni Vijana yao, vimini, mawigi, suruali za kubana, krimu za kujichubua, vyote vikawa adui wa taifa. Kwahiyo Theresa Shayo akabaki Miss Tanzania pekee kwa miaka 27. Utawala mrefu kuliko wa Mwalimu mwenyewe ikulu, nasema kwa utani lakini pigeni hesabu muone.

1994 ndo yakarudi, chini ya marehemu Hashim Lundenga na kampuni yake ya LINO. Na mzee yule mnaweza kumsema yote mnayotaka lakini alijua muda wa kuingia sokoni, yaani alipatia kabisa. Enzi za ruksa za Mwinyi zimeshaingia, watu wanavaa wanachotaka, na mwaka huohuo 1994 ITV na Radio One zinaanza kurusha matangazo, magazeti ya udaku nayo yanatafuta sura za kuweka ukurasa wa mbele. Kabla ya hapo ungekuwa mrembo wa taifa nani angekuona? Sasa unaonekana sebuleni kwa mtu. Taji la kwanza la awamu hii akachukua Aina Maeda, 1995 akaja Emily Adolph, 1996 Shose Sinare, 1997 Saida Kessy, 1998 Basila Mwanukuzi. Huyo wa mwisho mkumbukeni jina, atarudi mbele huko na sio kwa gauni.

Ile miaka mitano ya mwanzo mi naiita miaka ya kujaribia. Sio kwamba warembo walikuwa wabaya, hapana, ila bidhaa yenyewe ilikuwa haijakaa sawa, ilikuwa ni shoo ya watu wa Dar wenye uwezo wao, unavaa suti unaenda kula na kuangalia. Mkoani huku watu walikuwa wanasikia tu redioni kesho yake.

Kilichoibadilisha Miss Tanzania kikawa kitu cha nchi nzima ni ile ngazi. Na hapa naomba nikae kidogo maana ndo sehemu naipenda na ndo sehemu watu wanaisahau. Enzi za Vodacom Miss Tanzania ulikuwa huwezi kuamka tu ukajikuta fainali. Unaanzia kitongoji, Miss Sinza, Miss Tabata, Miss Kigamboni, Miss Kurasini, Miss Chang'ombe, Miss Ubungo, Dar City Centre, huko ukumbi wa baa, taa za kukodi, dj wa mtaani, majirani zako ndo mashabiki na wengine wamekuja kuzomea tu. Ukipenya unaenda kanda, Kinondoni, Ilala au Temeke. Mikoani hivohivo, mkoa kwanza, afu Kanda ya Ziwa, Kaskazini, Nyanda za Juu Kusini, Mashariki, na vyuo vikuu walikuwa na kwao. Ndo ufike taifa, uingie kambini na wenzio, ufundishwe kutembea na kuongea, halafu ndo usiku wa fainali.

Mnaona kazi iliyokuwa inafanyika pale? Binti anafika fainali kashasimama mbele ya watu wabishi ukumbi baada ya ukumbi, kashaulizwa maswali ya ajabu, kashazomewa, kashaazima viatu vya mtu na vikambana. Akija kukutana na kamera haogopi. Na kwa upande wetu mashabiki tulikuwa na timu kabisa, mtu wa Temeke na mtu wa Kinondoni hawaelewani kama ni Simba na Yanga vile. Waandaaji wa vitongoji nao walikuwa wanapata chochote, washonaji wanashona, wasusi wanasuka, mapaparazi wanauza picha. Hela ya mdhamini ilikuwa inashuka mpaka uswahilini. Hicho kipengele peke yake nakipa nyota tano bila kufikiri.

Na matunda yake yakaonekana. Angalieni kipindi cha 1999 mpaka 2006 mnitajie mashindano gani mengine Bongo yalitoa watu mfululizo namna ile.

1999 ni Hoyce Temu. Huyu kafanya kipindi cha tv cha Mimi na Tanzania, kazunguka kuonyesha watu wenye shida zao, akafanya kazi na Umoja wa Mataifa, baadae akateuliwa naibu mwakilishi wa kudumu wa Tanzania kule Geneva. Balozi kabisa. Wale waliokuwa wanasema umiss ni uhuni sijui waliipokeaje ile taarifa. 2000 akaja Jacqueline Ntuyabaliwe, huyu wengi mnamjua kama K-Lynn, kaimba Bongo Fleva na nyimbo zikakamata, baadae akaingia kwenye ubunifu wa fanicha za ndani, na ndo mjane wa marehemu Reginald Mengi. 2001 Happiness Magese, Millen. Huyu nikianza kumuongelea sitamaliza. Akatoka akaenda Afrika Kusini kwenye uanamitindo, akafika mpaka New York, na kumbe muda wote huo anaumwa endometriosis, ugonjwa wa kizazi unaoleta maumivu makali ya hedhi, yale ambayo dada zetu wanaambiwa vumilia tu utapona ukizaa. Akasimama hadharani akasema mimi naumwa hivi, nimefanyiwa oparesheni hivi, uzazi wangu uko hivi. Mwaka gani ule watu walikuwa wanaongelea hedhi kwenye tv? Hakuna. 2015 BET wakampa tuzo yao ya Global Good. Kiukweli kama kuna mshindi mmoja ambaye angetosha kuilinda Miss Tanzania isifungwe mi namtaja Millen nakaa chini.

2002 Angela Damas, 2003 Sylvia Bahame, hao napita. 2004 Faraja Kotta, na hapa tena simama. Faraja ndo kaanzisha Shule Direct, mwanafunzi wa kata isiyo na mwalimu wa fizikia anapata masomo kwa simu na intaneti. Watoto wanaotumia ile kitu sidhani hata kama wanajua mwenye nayo aliwahi kuvaa taji, na mi naona hiyo ndo raha yenyewe.

Afu 2005, Nancy Sumari. Huu ndo mwaka wa bidhaa hii kufika kileleni. Anaenda Sanya, China, fainali za dunia, anaingia sita bora na anarudi na Miss World Africa. Miss World mzima wa mwaka ule alitoka Iceland, lakini malkia wa bara zima alikuwa wetu, wa Bongo, na mpaka leo hajatokea mwingine. Watu walimpokea kwa furaha ya kweli, maana kwenye mpira tulishazoea kurudi mikono mitupu. Baada ya hapo Nancy akafanya mambo ya habari za mtandaoni, akaandika kitabu cha watoto kinachowaonyesha mabinti wanawake wa Kitanzania waliofanya makubwa, na mambo ya kufundisha watoto teknolojia. Katulia, hana skendo, hana kelele.

2006 sasa. Huu mwaka ni somo. Wa kwanza Wema Sepetu, wa pili Jokate Mwegelo, wa tatu Lisa Jensen. Wadau mpaka leo wanabishana ile tatu bora, na mi nasema majaji walifanya kazi, ila kilichofuata ndo kinathibitisha ninachokisema toka juu, kwamba taji lenyewe halina uzito kivile. Wema akawa Wema, yaani kuna kipindi gazeti la udaku lisipomweka mbele haliuzi, akaingia Bongo Movie, akawa na mashabiki ambao hata siasa wanagombana kwa ajili yake. Jokate aliyekosa taji akatengeneza Kidoti yake, nywele, ndala, mabegi ya shule, 2018 akapewa ukuu wa wilaya ya Kisarawe akaja na Tokomeza Zero, wazazi wa Kisarawe wanamkumbuka kwa lile mpaka leo. Mmoja kachukua taji mwingine kakosa, wote wawili wametoka na kitu kilekile, jina. Hilo ndo Miss Tanzania inachouza. Gari litachakaa, hela itaisha, taji lenyewe mwakani unamvisha mwenzio, ila utaitwa Miss Tanzania mwaka fulani mpaka unazeeka, na mlango wa ofisi yoyote unafunguka kidogo kwasababu yake. Mengine yote ni juhudi ya binti mwenyewe.

Na hapo ndo lawama yangu inaanzia. Jina unapewa, lakini baada ya hapo waandaaji hawana mpango na wewe. Kina Hoyce na Faraja walikuwa na vichwa vyao, walikuwa na elimu, walijiongeza. Je yule ambaye alishinda akiwa na miaka 19 hana mtu wa kumshauri mkataba, hana wa kumwambia hii interview usiende? Huduma baada ya mauzo, sifuri. Ukinunua friji tu unapewa waranti ya mwaka. Kila mdau wa fani anakubali kwamba kambini wanafundishwa kutembea, kukaa na kushika uma, lakini kuhusu hela, mitandao na wanaume wenye magari makubwa wanaosubiri nje ya geti, kimya.

Twende 2007, mwaka wa Richa Adhia. Huu uliwagawa watu vibaya. Binti ni Mtanzania, kazaliwa hapahapa, ana asili ya India, majaji wakampa, basi watu wakaja juu kwamba huyu atatuwakilishaje huko. Mi nilikuwa naona ile kelele haina kichwa wala miguu, nchi yenye makabila zaidi ya 120 na watu wa kila asili toka enzi za majahazi, sasa sura ya Mtanzania ni ipi hiyo moja? Waandaaji hawakumrudisha nyuma, akaenda Sanya na taji lake, hapo nawapa maksi. Wangeweza kuogopa.

Mwaka huohuo ndo bidhaa ya ushindani ikaingia sokoni, Miss Universe Tanzania, chini ya Maria Sarungi, na Flaviana Matata akaenda Mexico City na kipara chake safi akaingia kumi bora. Kipara! Wakati huku kwingine bila nywele za kushona hujakamilika. Ukinilazimisha nifananishe, Miss Universe yetu ilikuwa ndogo, haina vitongoji haina makelele, lakini ilijua inatafuta nini, mwanamitindo, basi. Flaviana akaishi New York kwenye kazi hiyo, ana taasisi yake ya kusaidia mabinti wa shule. Miss Tanzania yenyewe ilikuwa inataka binti awe mrembo, mwanaharakati, mwigizaji, balozi wa bia na mfano wa maadili, vyote kwa pamoja.

Na kweli bia. Baada ya Vodacom kuondoka wakaja Redds, ikawa Redds Miss Tanzania kuanzia 2012. Sina shida na kampuni ya bia kudhamini, ila mzazi wa Singida unamwambia mruhusu mwanao akashindanie taji lenye jina la kilevi, unategemea akujibu nini? Kuanzia 2008 mpaka 2013 tulipata Nasreen Karim, Miriam Gerald, Genevieve Mpangala, Salha Israel, Brigitte Alfred, Happiness Watimanywa. Warembo haswa, na wapo waliofanya kazi nzuri za jamii, lakini muulize mtu mtaani awapange kwa mwaka uone kama atafika watatu. Sio kosa lao. Watu walishaanza kuhama, burudani ikawa kwenye simu, na zile kumbi za vitongoji zikaanza kupoa moja baada ya nyingine.

Halafu 2014. Sitaki kumsema binti wa watu, yalishasemwa mengi na mengine yalivuka mpaka. Kwa ufupi Sitti Mtemvu akatangazwa mshindi, siku hazikupita nyingi mjadala wa umri ukalipuka, makaratasi yakatembea mitandaoni, mwezi wa 11 akaachia taji, akavishwa mshindi wa pili Lilian Kamazima. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, nao wakayafungia mashindano, 2015 ikapita bila fainali. Kinachonikera kwenye lile sio binti, ni mfumo. Umri wa mshiriki unauhakiki mlangoni kabisa, wakati wa kuchukua fomu, sio baada ya taji kukaa kichwani. Kama kuna kanda na kitongoji na kambi na kamati, na hakuna hata mmoja aliyekaa na makaratasi akayapitia vizuri, sasa hizo kamati zilikuwa za nini.

2016 wakarudi, fainali wakaipeleka Mwanza, na nawasifu kwa hilo maana Dar sio Tanzania. Akashinda Diana Edward, binti wa Kimasai, akaibeba ajenda ya kupinga ukeketaji kwenye jamii yake mwenyewe. Sio ile ya kwenda kituo cha watoto na mchele na kamera, hapana, anaongea na wazee wa kwao kuhusu kitu ambacho wazee hawataki kuongelea. Nilidhani sasa tunarudi. Wapi. 2017 hakukuwa na fainali, Julitha Kabete akateuliwa tu akaenda Miss World, ngazi yote imerukwa.

Ndo hapo Basila anarudi, nilisema mkumbukeni. Miss Tanzania wa 1998, na kampuni yake ya The Look, 2018 akachukua uendeshaji kutoka kwa Lundenga. Mi hii naiweka kwenye matukio makubwa ya historia ya mashindano haya na haiongelewi inavyostahili. Mtu aliyepita mle, aliyejua kiatu kinabana wapi, ndo anaendesha. Mazingira yakasafishwa, lile vazi la ufukweni ambalo hata Miss World wenyewe walishaliacha halikuwa tena gumzo, wazazi wakapungua hofu. 2018 Queen Elizabeth Makune, 2019 Sylvia Sebastian, 2020 Rosey Manfere, lakini huyo wa 2020 hakufika Miss World, nafasi ikaenda kwa Juliana Rugumisa, na sisi mashabiki tukabaki tunaokoteza taarifa huku na kule. 2022 Halima Kopwe, 2023 Tracy Nabukeera.

Tathmini yangu ya awamu hii ni kwamba shoo imekuwa safi ila imekuwa ya kwao. Mabinti wanatafutwa kwa usaili, wanakaa kambini, unaona picha nzuri Instagram, siku ya fainali ipo, kesho yake imeisha. Mtu wa Tabata hana mtu wake wa kumshangilia. Najua majibu, wadhamini hawapo, hela hakuna, kuendesha vitongoji ni gharama, sawa. Lakini hata vitongoji vitano tu, kwa kuanzia, ukumbi wa shule, kiingilio buku mbili, mnashindwa?

Kingine ni maswali ya jukwaani. Hapa nyota moja, na hiyo moja ni ya huruma. Kwa miaka nenda rudi tunaangalia binti mwenye akili zake timamu anahangaika na kiingereza cha kukariri, ukumbi unacheka, klipu inazunguka wiki nzima. Akijibu kwa kiswahili mnapungukiwa nini? Kule duniani wakalimani wapo, wachina wanajibu kichina na hawachekwi. Mnataka tumjue binti anawaza nini au mnataka tujue kasoma shule ya bei gani?

La mwisho kwenye lawama, kumbukumbu. Mashindano ya toka 1967 na hakuna sehemu moja waandaaji wameweka washindi wote, mwaka, picha, wa pili na wa tatu nani, fainali ilifanyika wapi. Majina yanaandikwa hivi leo na vile kesho. Magauni ya fainali za zamani yako wapi? Hilo taji la Theresa Shayo je, lipo? Makumbusho ya Taifa wangeomba kona moja tu pale Posta watu wangelipa kuingia, mi wa kwanza.

Kwahiyo kama una binti anataka kuingia, mi nasema aingie, ila awe na chuo chake au kazi yake pembeni, na mkataba asomewe na mtu anayejua sheria kabla hajaweka saini, maana jina atapewa bure na linadumu ila hakuna atakayemfundisha kulitumia. Kama wewe ni mtazamaji tu unataka burudani, angalia klipu za 2005 na 2006 ushibe kwanza kabla hujanunua tiketi. Nyota kwa ujumla natoa tatu kati ya tano. Ingekuwa ni ile 1999 mpaka 2006 peke yake ningetoa nne na nusu, hiyo nusu iliyobaki nawakata kwa yale maswali.